Mzani, ubao wa kimo au utepe wa mkono: kipi kitakwambia mtoto wako anakua?

Mama akitoka kliniki na mtoto, iwe Wete kule Pemba au Mwanakwerekwe hapa Unguja, suali la kwanza linalomsubiri nyumbani ni lile lile: "Kilo ngapi leo?" Zikiwa zimeongezeka, bibi anamshukuru Mungu, kadi inarudi kabatini, na mambo yamekwisha. Kwa mtoto mchanga sina ubishi na suali hilo. Lakini kwa mtoto aliyekwisha kusimama dede, wa baina ya mwaka mmoja na mitatu, kilo peke yake zinaweza kuiridhisha nyumba nzima huku mtoto anabaki nyuma.

Vya kumpimia viko vinne: mzani, ubao wa kimo, utepe wa mkono, na hatua anazozipiga mwenyewe za kutembea na kusema. Kila kimoja kinajibu suali lake. Mama mwenye watoto watatu, shamba na biashara ya maandazi hana nafasi ya kuvifuata vyote sawasawa, kwa hiyo lazima achague. Mimi chaguo langu nalisema mapema: mtoto akishatimiza mwaka, kama kuna kipimo kimoja cha kukidai kwa mdomo hata pale ambapo hujapewa, kidai cha kimo.

Mzani

Sifa ya mzani ni upesi wake. Mtoto akiharisha siku tatu, mzani utasema. Akikataa kula wiki nzima kwa sababu ya meno au homa, utasema pia. Upo karibu kila kituo cha afya, hauhitaji watu wawili, na mtoto anaweza kupimwa hata akilia.

Katika mwaka wa kwanza mzani ndio bwana mkubwa. Mtoto wa kawaida huongeza uzito wa kuzaliwa mara mbili akifika kama miezi mitano, na mara tatu akifika mwaka. Aliyezaliwa na kilo 3 unamtarajia na kilo 9 hivi siku ya kutimiza mwaka. Hiyo ni kasi kubwa, na kasi kubwa inaonekana hata kwa mzani usio mzuri sana.

Baada ya hapo kasi inaanguka, na hili wazazi wengi hawaambiwi. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa kiume wa kati na kati ana kilo 9.6 akiwa na mwaka mmoja na kilo 12.2 akiwa na miaka miwili. Wa kike ni 8.9 na 11.5. Kwa hivyo mwaka wa pili mzima unaleta kilo mbili na nusu na kidogo tu, sawa na gramu 200 na kitu kwa mwezi. Sasa fikiria: nepi iliyorowa inaweza kuwa na gramu 200. Kikombe cha maji alichokunywa njiani nacho kina gramu 200. Kwa mtoto wa mwaka na nusu, kupanda au kushuka kwa mzani mwezi hadi mwezi kunaweza kuwa ni nguo, maji au haja kubwa tu. Ndiyo maana nasema apimwe bila nguo nzito, kwenye mzani ule ule kila mara, na usihukumu kwa namba ya mwezi mmoja. Tazama mstari wa miezi mitatu.

Kasoro ya pili ni ya khatari zaidi. Mtoto mwenye utapiamlo wa kuvimba, yule anayejaa maji miguuni na usoni, mzani unaweza kumpa kilo nzuri kabisa, kwa sababu maji nayo yana uzito. Watu wanamwona mnene. Jaribio lake ni jepesi: bonyeza kwa kidole gumba juu ya wayo, miguu yote miwili, ukihesabu taratibu hadi tatu, kisha achia. Shimo likibaki miguu yote miwili, huyo hapelekwi kupimwa uzito. Huyo anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Na kasoro ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike. Mzani haujui mtoto ana urefu gani. Tuchukue mtoto wa kike wa miaka miwili kamili, mwenye kilo 10.2. Ukiitia namba hiyo kwenye kadi, yuko chini ya wastani lakini bado yuko juu ya mstari wa kutia wasiwasi, ambao kwa umri wake ni kilo 9. Mashavu yapo, mapaja yapo, anacheza. Mama anaambiwa anaendelea vizuri. Msimamishe sasa kwenye ubao: sentimita 79. Kiwango cha chini kwa mtoto wa kike wa miaka miwili ni 79.3, na wa kati na kati ni 85.7. Mtoto huyu amedumaa, na kadi yenye kilo peke yake haitasema hata siku moja.

Ubao wa kimo

Uzito unapanda na kushuka, kimo hakishuki. Mtoto akikosa chakula cha maana kwa miezi, akiugua kuharisha mara kwa mara, akikaa na minyoo, mwili wake unajibana: unaacha kurefuka ili uyaokoe mengine. Kimo kinaweka kumbukumbu ya miezi yote hiyo. Na kipindi cha kukiokoa ni kifupi. Kinaanza mimba inapotungwa na kwa sehemu kubwa kinaishia mtoto anapotimiza miaka miwili. Baada ya hapo kuna nafuu inayopatikana, lakini kurudisha chote kilichopotea ni kazi ngumu. Udumavu haubaki kwenye mifupa tu. Unaandamana na maradhi ya mara kwa mara na uzito wa kujifunza skuli.

Ubaya wake ni kwamba si rahisi kupima vizuri. Mwaka wa pili mtoto hurefuka kama sentimita 12, yaani moja kwa mwezi. Ukikosea sentimita moja, umekosea mwezi mzima. Chini ya miaka miwili mtoto hupimwa amelala, juu ya hapo amesimama, na ukimsimamisha kabla ya wakati jibu linatoka pungufu kwa kama sentimita 0.7, kwa hiyo itabidi uziongeze. Watu wawili wanahitajika, mmoja kichwani na mmoja miguuni. Viatu vitoke, na kofia. Nywele pia: mtoto wa kike aliyesukwa twende kilioni ya kusimama kwa ajili ya Sikukuu atazidishiwa sentimita mbili asizokuwa nazo. Bora apimwe siku ya kufumuliwa.

Kwa sababu hiyo sishauri kimo kila mwezi. Kila miezi mitatu kinatosha kabisa. Katika miezi mitatu mtoto wa mwaka na nusu amerefuka kiasi cha kuonekana, na kosa dogo la mkono halikupotezi. Unaweza hata kufanya nyumbani kama ana zaidi ya miaka miwili na anakubali kusimama. Tafuta ukuta ulionyooka na sakafu ngumu isiyo na mkeka. Visigino, makalio na mabega vigusane na ukuta, macho yatazame mbele. Weka kitabu kigumu juu ya kichwa, chora kwa penseli chini yake, kisha pima kwa futi ya chuma ya fundi seremala. Futi ya kitambaa ya fundi cherehani inanyooka ikizeeka, iache. Andika tarehe kando ya mstari.

Najua jibu linalokuja hapa, kwa sababu linatolewa katika kila nyumba: "Huyu kafata kwa babake, ukoo wao wafupi." Urithi upo, sikatai. Lakini viwango tunavyovitumia havikutungwa kwa watoto wa Wazungu peke yao. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto tangu mwaka 1997 hadi 2003 katika nchi sita: Brazili, Ghana, India, Norwei, Marekani na Omani. Ndiyo, Maskati, ambako wengi wetu tuna ami na shangazi. Watoto walionyonyeshwa na kulishwa vizuri katika miji hiyo yote walirefuka karibu sawa. Tofauti kubwa ilikuwa baina ya mtoto na mtoto wa mji mmoja, si baina ya nchi na nchi. Viwango vikatolewa mwaka 2006. Kwa hiyo mtoto mfupi wa wazazi wafupi anayepanda na mstari wake ule ule, muache na ufupi wake. Yule ambaye mstari wake ulikuwa juu kisha ukalala, huyo si wa kusingiziwa ukoo.

Jambo jengine la kwetu: mahudhurio ya kliniki yanafuata sindano. Sindano ya pili ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 18, na baada ya hapo kadi nyingi hazifunguliwi tena hadi mtoto augue. Kimo kinahitaji kuangaliwa hasa katika miezi hiyo ambayo watu wanakatika. Dawa za minyoo na matone ya vitamini A bado zinatolewa kila baada ya miezi sita hadi mtoto afike miaka mitano. Siku hiyo ukiwa umeshapanga foleni, omba na ubao.

Utepe wa mkono

Huu ni ule utepe wa rangi tatu unaozungushwa juu ya kiwiko. Unatumika kuanzia miezi 6 hadi kabla ya miaka mitano, mkono wa kushoto, katikati ya ncha ya bega na kiwiko, mkono ukiwa umelegea. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu: utapiamlo mkali, na mtoto anahitaji matibabu haraka. Kutoka 11.5 hadi chini ya 12.5 ni njano. Kuanzia 12.5 ni kijani.

Kwa kuokoa maisha hauna mpinzani. Mama anaweza kufundishwa kuutumia mwenyewe, hauna betri wala hauhitaji kadi, na mwenye kujitolea wa afya ya jamii anauweka mfukoni. Visiwani Zanzibar tunao mpango wa Jamii ni Afya, ambao wahudumu wake hupita nyumba kwa nyumba na simu zao. Akibisha hodi, usimwambie mtoto amelala. Muamshe apimwe.

Lakini kijani kisikulaze. Mtoto aliyedumaa mara nyingi anapata kijani safi. Utepe unauliza: amekonda sasa hivi? Hauulizi: amekuwa akila vipi mwaka mzima? Kwa hiyo uutegemee mtoto anapotoka kwenye ugonjwa mkali, au nyumba inapopita kwenye shida ya chakula, mfano bahari ikichafuka kwa muda mrefu na wavuvi wasiende.

Kutembea na kusema

Hapa ndipo majirani na mawifi wanapogombana zaidi, na bila haja. "Wa kwangu alitembea ana miezi tisa." Sawa. Watoto wazima wa afya huanza kutembea peke yao popote kati ya miezi 8 na miezi 17 na nusu, na huo ndio upana uliopatikana katika utafiti ule ule wa nchi sita. Kutambaa nako: watoto kama wanne katika kila mia hawakutambaa kabisa, wakaenda moja kwa moja kusimama. Aliyetembea mapema si mwerevu kuliko mwenzake, na kigari cha kuning'iniza mtoto hakimharakishi. Kinampeleka kwenye ngazi na kwenye jiko la mkaa.

Mipaka ya kwenda hospitali naiweka hivi. Miezi 9 imepita hakai bila kuegemea. Miezi 18 imetimia hatembei. Mwaka na nusu hana hata neno moja la maana, au hageuki ukimwita jina lake kutoka nyuma. Hapo masikio yachunguzwe kwanza. Miaka miwili haungi maneno mawili, kama "mama njoo" au "sitaki uji". Na kwa umri wowote: alikuwa akifanya jambo, sasa ameliacha. Hili la mwisho halisubiri mwezi ujao.

Hatua hizi zinakwambia kuhusu ubongo, masikio na misuli, vitu ambavyo mzani, ubao na utepe havivigusi hata kidogo. Lakini kama kipimo cha chakula ni dhaifu. Mtoto aliyedumaa anaweza kutembea kwa wakati, akasema kwa wakati, akamfurahisha kila mtu barazani.

Na jicho la watu? "Mnene mashaallah" ni dua njema, naipokea kwa mikono miwili. Si kipimo.

Nani achague kipi

Kama mtoto wako hajatimiza mwaka, fuata mzani kila mwezi na usihangaike na ubao, ila mipaka ya kwenda hospitali niliyoitaja juu ibaki pale pale.

Kama ana mwaka hadi miaka mitatu na anaonekana mzima, kimo kila miezi mitatu kiwe cha kwanza, mzani uje nyuma yake. Hasa kama alizaliwa na uzito mdogo, kama alifuatiwa na mdogo wake mapema akaachishwa ziwa kabla ya miaka miwili kamili ambayo dini imetuelekeza, au kama kuharisha hakumwishi. Hao ndio ambao kilo huwaficha.

Kama ametoka kuumwa, au anakaa kwa bibi shamba na humwoni kila siku, utepe. Mwachie bibi utepe na umuoneshe rangi. Hahitaji kusoma namba.

Kama mashaka yako ni ya kusema au kusikia, usikubali kutulizwa kwa kilo nzuri. Ni milango miwili tofauti.

Sasa kimo kikishakuja chini, au mstari umelala, kuna mawili ya kuangalia nyumbani kabla ya kununua chochote dukani. La kwanza ni sahani. Mara nyingi mtoto anakula wali na mchuzi, na mnofu wa samaki unabaki bakulini kwa wakubwa. Mchuzi una rangi na harufu ya samaki, lakini chakula chenyewe ni ule mnofu. Mpe yeye kwanza, umechambuliwa mwiba, hata kama ni kipande cha vidole viwili. Dagaa waliopondwa juu ya uji wa muhogo wanabadilisha uji huo kabisa, maana muhogo peke yake unajaza tumbo na protini yake ni kidogo mno. Yai, kunde, mchicha au kisamvu kilichotiwa tui, papai, embe. Chai ya rangi na mkate asubuhi iondoke: chai inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini, na inakata hamu ya chakula. Mwezi wa Ramadhani mwangalie zaidi, kwa sababu jiko linakaa baridi hadi alasiri na mtoto anashindia kiporo cha daku. Mpikie chake mchana, hata kama nyumba nzima imefunga.

La pili ni maji na choo. Mtoto wa umri huu anatia kila kitu mdomoni, na kuharisha kwa mara kwa mara kunakula kimo kuliko watu wanavyodhani. Minyoo ni ya zamani sana visiwani, na maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri, iliyopo Chake Chake, Pemba, tangu mwaka 2000, imefanya kazi kubwa juu yake. Zile dawa za miezi sita usiziruke.

Neno la mwisho ni juu ya dawa ya kuongeza damu. Mtoto akiwa na viganja vyeupe, jamaa wataleta chupa ya madini ya chuma wenyewe kwa mapenzi. Pemba ina historia na jambo hili ambayo dunia nzima ya tiba inaijua. Katika utafiti mkubwa uliofanywa kisiwani kwa watoto wa mwezi 1 hadi 35, majibu yake yakachapishwa mwaka 2006, waliopewa chuma na asidi ya foliki kila siku, bila kwanza kuangaliwa nani ana upungufu, walilazwa na kufariki zaidi kuliko wasiopewa. Malaria ilikuwa nyingi wakati huo. Walioanza wakiwa na upungufu wa kweli, na wakafuatiliwa na kutibiwa, wao walifaidika. Malaria leo imepungua sana visiwani, lakini utaratibu uliotokana na utafiti ule unabaki: damu ya mtoto ipimwe, malaria ipimwe, kisha dawa ifuate kwa kiasi atakachoandika daktari kulingana na uzito wake wa siku hiyo. Na hapo, kwa kazi hiyo, mzani unarudi kuwa wa kwanza.